Ripoti ya ultrasaundi ya mimba changa ikija na maneno ya kutisha: namna ya kuisoma na hatua za kuchukua

Mimba ya wiki tano haina mengi ya kuonyesha kwenye skrini. Ni doa jeusi la ukubwa wa punje ya choroko ndani ya kizazi, basi. Wiki mbili baadaye doa hilo lina kiinitete chenye moyo unaodunda. Ndiyo maana maneno mengi yanayowaliza watu baada ya kipimo, kama "mfuko mtupu", "hakuna mapigo ya moyo" au "mimba haionekani", inabidi yaulizwe tarehe kwanza kabla ya kuitwa ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa mjamzito na wa anayemsindikiza, na muuguzi au tabibu wa zahanati atakayeletewa karatasi ile aisome hatakosa faida. Mengi yaliyomo yanasimama juu ya kanuni mbili. Mimba ikishaonekana ndani ya kizazi, na shaka ni kama inaendelea au la, kusubiri siku saba hadi kumi na nne kwa kawaida hakudhuru. Lakini kipimo cha mkojo kikiwa chanya na kizazi kikaonekana kitupu, kukaa nyumbani bila ufuatiliaji kunaweza kuua.

Kwa hiyo kabla ya namba zozote: maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au kuzirai, maumivu kwenye ncha ya bega (damu iliyovuja tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yakasikika begani), au damu inayolowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja kwa saa mbili mfululizo. Ukiwa na moja kati ya haya, weka karatasi chini uende hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo.

Hatua ya kwanza: sahihisha tarehe

Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na siyo siku mliyokutana. Andika tarehe hiyo, hesabu siku hadi siku ya kipimo, kisha gawa kwa saba. Hedhi ilianza tarehe 1 Machi na kipimo ni tarehe 10 Aprili: siku 40, yaani wiki tano na siku tano.

Hesabu hiyo inafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hivi. Mwenye mzunguko wa siku 35 huachilia yai wiki moja baadaye, hivyo mimba yake ni changa kwa wiki nzima kuliko kalenda inavyodai. Aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, au baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango na hedhi haijatulia, tarehe yake haitegemeki kabisa. Kwake huyo, sentensi kama "wiki nane lakini hakuna kiinitete" haina uzito mpaka kipimo cha pili.

Wako pia wanaoona damu kidogo mwanzoni mwa mimba wakaihesabu kuwa hedhi. Hao hujikuta mimba ni kubwa kuliko walivyodhani. Ukiulizwa kama hedhi ile ilikuwa ya kawaida yako kwa wingi na kwa siku, jibu kwa ukweli.

Hatua ya pili: ulipimwa kwa njia gani?

Juu ya tumbo, kwa kibofu kilichojaa, au ndani, kwa probu nyembamba inayoingizwa ukeni ikiwa imevishwa kondomu? Ripoti nyingi haziandiki, na ni kosa, kwa sababu vipimo vya kukatia shauri la mimba changa vyote vimetungwa kwa kipimo cha ndani. Kipimo cha ndani huona mfuko wa mimba kuanzia wiki ya nne na nusu hadi ya tano, kifuko cha kiini (pete ndogo nyeupe yenye weusi katikati) kwenye wiki ya tano na nusu, na kiinitete chenye mapigo kwenye wiki ya sita. Kipimo cha tumboni huchelewa hadi wiki nzima, na kwa mwenye mafuta mengi ya tumbo au kizazi kilichopinda nyuma huchelewa zaidi.

Kipimo cha ndani hakiharibu mimba, kwani probu haipiti mlango wa kizazi. Kibofu kiwe kitupu. Mwenye kuona haya ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo.

Hatua ya tatu: tafuta namba, acha maneno

Karatasi huwa na vifupisho. GS au MSD ni mfuko wa mimba, YS ni kifuko cha kiini, CRL ni urefu wa kiinitete kutoka kichwani hadi matakoni, FHR ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ripoti inayosema "mimba imeharibika" bila kuandika milimita hata moja haitoshi kukatia uamuzi wowote. Rudi ukaombe namba, na picha zilizochapwa.

Mfuko hupimwa pande tatu (urefu, kimo na upana), zikajumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Kinachopimwa ni weusi peke yake, bila ile pete nyeupe. Mfano: 14, 12 na 10 zinatoa wastani wa milimita 12. Jumlisha 30 upate umri wa kukadiria kwa siku: 42, yaani wiki sita. Kwa yule wetu wa siku 40, hakuna mgongano. Kiinitete kikishaonekana, achana na mfuko utumie CRL, ambayo ni sahihi zaidi. Milimita pamoja na 42 zinatoa siku. Kiinitete cha milimita 5 kina siku kama 47, wiki sita na siku tano.

Makosa ya mezani ni yaleyale kila mahali: mfuko kupimwa pande mbili tu, kibofu kilichojaa mno kuubana mfuko ukaonekana mwembamba, kifuko cha kiini kujumlishwa kwenye urefu wa kiinitete. Milimita moja au mbili za tofauti kati ya wapimaji wawili ni jambo la kawaida, na kwenye mimba ya umri huu milimita mbili ni mbali sana.

Mfuko bila kiinitete, kiinitete bila mapigo

Hapa ndipo mimba nyingi nzima zingeweza kupotea kwa haraka ya watu. Zamani mipaka ilikuwa midogo. Uingereza walitumia mfuko wa milimita 20 na kiinitete cha milimita 6, na Marekani wengi walitumia 16 na 5. Mipaka hiyo ilitokana na utafiti wa wanawake wachache, na ilipokaguliwa upya ikaonekana kuwa mara chache inaihukumu mimba iliyo hai. Kuanzia 2011 Uingereza, na baada ya mkutano wa wataalamu Marekani mwaka 2012, mipaka ikapandishwa. Leo mimba huhesabiwa kuwa haiendelei, kwa kipimo cha ndani, iwapo:

- kiinitete kina milimita 7 au zaidi na hakina mapigo;
- wastani wa mfuko ni milimita 25 au zaidi na hamna kiinitete;
- zimepita siku 14 au zaidi tangu uonekane mfuko usio na kifuko cha kiini, na bado hakuna kiinitete chenye mapigo;
- zimepita siku 11 au zaidi tangu uonekane mfuko wenye kifuko cha kiini, na bado hakuna kiinitete chenye mapigo.

Chini ya hapo ni shaka tu. Mfuko wa milimita 16 hadi 24 bila kiinitete unatia wasiwasi, na kiinitete cha chini ya milimita 7 kilichonyamaza pia, lakini jibu la vyote viwili ni kurudia. Rudia baada ya siku zisizopungua saba kama ulipimwa ndani, na siku 14 kama ulipimwa tumboni. Kurudia kesho au keshokutwa kunakula hela na usingizi, maana mfuko hukua kama milimita moja kwa siku na tofauti hiyo inamezwa na makosa ya kupima. Hata namba ikifika 7 au 25 barabara, mtaalamu wa pili aangalie, au kipimo kirudiwe baada ya wiki. Kwa mimba iliyokwisha kufa, wiki moja haibadilishi kitu. Kwa mimba hai, ni uhai wenyewe.

Ziko dalili nyingine zinazoongeza wasiwasi bila kukata shauri: kifuko cha kiini kilichovimba kupita milimita 7, au mfuko mdogo unaombana kiinitete (toa CRL kwenye wastani wa mfuko, ukibaki na chini ya milimita 5 mfuko ni mdogo).

Mapigo yakiwepo lakini ni ya polepole, angalia yanaendana na kiinitete cha ukubwa gani. Kiinitete cha chini ya milimita 5 kinatarajiwa kuwa na mapigo 100 au zaidi kwa dakika, na cha milimita 5 hadi 9 kiwe na 120 au zaidi. Kisha hupanda mpaka karibu 170 kwenye wiki ya tisa na kuanza kushuka taratibu. Yakiwa chini ya 90, hatari ya mimba kutoka ni kubwa, hivyo rudia baada ya wiki. Lakini kwanza mpimaji amshike mama mkono ahesabu: "mapigo 82" ya mtoto yakilingana na 82 ya mama, aliyepimwa ni mshipa wa mama.

Na jambo moja tunaloliona likizoeleka vibaya: kuwasikilizisha wazazi mapigo kwa dopla kwenye wiki ya sita au ya saba. Dopla hupeleka nishati nyingi mahali padogo. Kwa umri huo mapigo hupimwa kwa modi ya M, inayochora mstari bila sauti. Omba hiyo.

Ikithibitika kuwa haiendelei

Njia ni tatu: kusubiri itoke yenyewe kwa wiki moja au mbili, vidonge vya misoprostoli (penye mifepristoni, hutangulia), au kusafishwa kwa pampu ya mkono ambayo wauguzi huiita MVA. Asiyetokwa damu nyingi wala homa ana nafasi ya kuchagua. Uliza kundi lako la damu pia: mwenye Rh hasi anaweza kuhitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72, hasa akisafishwa au akifanyiwa upasuaji.

Kizazi kitupu na kipimo ni chanya

Maelezo ni matatu: mimba ni changa mno, mimba imeshatoka, au imetunga nje ya kizazi. Mpaka ijulikane ni lipi, mama huyu yuko kwenye ufuatiliaji. Kumwambia "rudi mwezi ujao" ni hatari.

Kinachosaidia hapa ni damu, kupima kiasi cha homoni ya mimba, hCG, mara mbili kwa tofauti ya saa 48, maabara ileile. Kipimo cha mkojo hakifai kwa kazi hii kwani kinasema ndiyo au hapana tu. Kwenye mimba inayokua ndani ya kizazi, homoni iliyoanza chini ya 1,500 hupanda angalau asilimia 49 kwa siku mbili; ikianza 1,500 hadi 3,000, angalau asilimia 40; ikizidi 3,000, angalau 33. Kwa hiyo 800 ya Jumatatu inatakiwa iguse 1,190 hivi Jumatano. Ikishuka chini ya nusu, mimba yaelekea inaisha yenyewe. Ikijikongoja katikati, hapo shaka ya mimba ya nje inakua. Lakini kupanda vizuri hakuitoi kabisa shaka hiyo: homoni ya baadhi ya mimba za mrija (zilizotunga nje, kwenye mrija wa mayai) hupanda kama kawaida kwa muda.

Homoni ikizidi 3,500 na kipimo cha ndani hakioni mfuko, uwezekano wa mimba ya kawaida ya mtoto mmoja ni mdogo. Chini ya hapo, namba moja pekee isimfanye mtu achomwe dawa ya kuua mimba. Pacha, kwa mfano, huipandisha homoni mapema kuliko mfuko kuonekana.

Kwenye picha, mpimaji anatafuta pete nyeupe kando ya ovari, na maji nyuma ya kizazi. Maji meusi safi machache ni kawaida. Yenye chembechembe kama uji ni damu. Kazi ngumu ni kutofautisha pete ya mrija na uvimbe wa kawaida wa ovari: anasukuma taratibu kwa probu, na kitu kikiteleza kivyake mbali na ovari kinashukiwa kuwa mimba ya mrija, kikienda pamoja na ovari yaelekea ni cha ovari. Pia asidanganywe na majimaji yaliyotuama katikati ya kizazi yakiwa na ncha iliyochongoka. Mfuko wa kweli ni mviringo, una ukingo mweupe, na umejichimbia upande mmoja wa utando.

Mimba ya nje ikithibitishwa mapema, ikiwa ndogo, haina mapigo na haijapasuka, inaweza kutibiwa kwa sindano ya methotreksati na kufuatiliwa kwa homoni mpaka ifike sifuri. Iliyopasuka ni upasuaji.

Wawili waangaliwe kwa jicho kali zaidi. Wa kwanza ni aliyeshika mimba akiwa na kitanzi. Kitanzi huzuia mimba vizuri, lakini ile inayopenya ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa nje ya kizazi. Ikiwa ndani na nyuzi zinaonekana, kitanzi hutolewa mapema. Wa pili ni aliyejifungua kwa upasuaji. Mfuko unaoonekana chini, mbele, ukikaa kwenye kovu huku nyama kati yake na kibofu ni nyembamba, ni mimba ya kovu. Kuikwangua bila picha kunaweza kufungulia damu isiyozuilika, kwa hiyo rufaa kwanza.

Mimba zabibu

Hii ni mimba ambayo tishu za kondo hukua vibaya na kuwa vifuko vya maji kama kichala cha zabibu. Skrini hujaa vitobo vidogo vyeusi ndani ya weupe kama sega la nyuki, hamna kiinitete, na ovari zote mbili zinaweza kuwa zimejaa vifuko vya maji. Homoni huwa juu mno, kutapika kunazidi, kizazi kikubwa kuliko wiki zake. Kabla ya wiki ya kumi vitobo mara nyingi havijaonekana, na ripoti husema tu "mfuko mtupu". Ndiyo sababu kilichosafishwa kinafaa kipelekwe maabara ya tishu badala ya kumwagwa. Mimba zabibu kamili husafishwa kwa kufyonza, haitolewi kwa vidonge. Baadaye homoni hupimwa kila wiki mpaka ipotee mara tatu mfululizo, halafu kila mwezi kwa muda atakaopanga daktari, na uzazi wa mpango katikati, kwa kuwa mimba mpya itapandisha homoni na kuficha mabaki yanayogeuka saratani. Wengi huacha kwenda wakishajisikia wazima. Hapo ndipo pa kuwashikilia.

Mambo yanayotisha zaidi ya yanavyostahili

Damu iliyoganda kando ya mfuko ni jambo la kawaida kwa aliyeona matone. Ikiwa ndogo na mapigo yapo, mara nyingi hunyonywa na mwili. Ikizunguka zaidi ya nusu ya mfuko, hatari hupanda. Kulazwa kitandani wiki nzima hakujathibitika kuokoa mimba. Aliyewahi kupoteza mimba na sasa anatokwa damu anaweza kumuuliza daktari juu ya homoni ya projesteroni ya kuweka ukeni, miligramu 400 mara mbili kwa siku, ambayo Uingereza inapendekezwa kwa kundi hilo.

Uvimbe wa maji kwenye ovari moja, wa sentimita mbili au tatu, ni pale yai lilipotoka, na ndipo panapotoa projesteroni ya kuilisha mimba mpaka wiki ya kumi hivi. Kuuondoa kabla ya hapo bila sababu ya dharura ni kuikata mimba riziki. Kwa kawaida hupotea kufikia mwezi wa nne. Maumivu ya ghafla na kutapika, lakini, yanaweza kuwa ovari imejisokota: hospitali.

Shimo jeusi kichwani mwa kiinitete cha wiki ya saba hadi tisa ni ubongo wa nyuma unaojengeka, siyo kichwa maji. Matumbo yaliyojitokeza kitovuni kati ya wiki ya nane na kumi na mbili nayo ni hatua ya ukuaji, hurudi yenyewe. Asiandikiwe mtu kasoro ya ukuta wa tumbo kabla CRL haijafika milimita 45.

Unene wa maji nyuma ya shingo hupimwa CRL ikiwa kati ya milimita 45 na 84 pekee. Ukifika milimita 3.5 au zaidi, anahitaji uchunguzi wa kina wa kromosomu na moyo. Wengine wenye namba hiyo huzaa watoto wazima.

Pacha: mwombe mpimaji aandike kama kila mtoto ana kondo lake. Utando unaowatenganisha watoto ukiingia kwenye kondo kwa pembe tatu nene, makondo ni mawili. Ukikutana nalo kama herufi T, kondo ni moja, na kuanzia wiki ya 16 watoto wanatakiwa kuangaliwa kila wiki mbili. Alama hizi husomeka vizuri wiki ya 11 hadi 13, baadaye hufifia. Mfuko mmoja ukififia mapema huku mwingine una mapigo, aliyebaki mara nyingi huendelea salama.

Siku ya kurudia

Nenda na karatasi ya kwanza, picha, tarehe ya hedhi na majibu ya damu. Rudia kwa njia ileile, ikiwezekana mashine ileile. Muulize mpimaji mambo matatu na ayaandike: wastani wa mfuko umetoka ngapi kufika ngapi, CRL ni ngapi, mapigo ni mangapi. Tarehe ya kujifungua ikishapangwa kwa CRL ya mapema haibadilishwi na kipimo cha baadaye. Kabla ya wiki tisa kalenda husahihishwa ikiwa tofauti inazidi siku tano, na kuanzia wiki tisa hadi mwisho wa 13 ikiwa inazidi siku saba.

Kwa asiye na maumivu wala damu, hakuna faida kukimbilia kipimo wiki ya tano. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Mwenye uwezo wa kulipia moja tu mapema atapata zaidi kwenye wiki ya 11 hadi 13: tarehe, idadi ya watoto, makondo na shingo, vyote kwa mkupuo.